Imani ya Mmoja, Sheria ya Wote

Barua za toleo hili zimegusa jambo moja kwa njia tofauti: je, kile ninachoamini moyoni kuwa ni haki au ni haramu kiwe sheria inayombana hata asiyekiamini? Baadhi ya maswali tumeyafupisha. Majibu yametoka marefu au mafupi kadiri kila swali lilivyohitaji.

SWALI: *Mhariri, salaam. Kila sheria imebeba maadili ya mtu. Kukataza wizi ni maadili, kukataza kuua ni maadili. Mbona basi sisi wenye dini tunaambiwa tuziache imani zetu mlangoni tunapoingia kwenye mjadala wa sheria, ilhali wasio na dini wanaingia na zao? – Mwalimu wa dini*

JIBU: Mwalimu, sehemu ya kwanza ya hoja yako haina ubishi. Hata sheria ya kodi, inayoonekana kama hesabu tupu, inaamua nani abebe mzigo na kwa kiasi gani, na hilo ni suala la haki kabla halijawa la hesabu. Anayedai kwamba sheria itenganishwe kabisa na maadili ama hajalitafakari jambo hilo, ama anataka maadili yake yapite bila kukaguliwa.

Tatizo liko kwingine. Kuna kinachokusukuma kuitaka sheria, na kuna sababu unayompa mwenzako ili naye akubali kubanwa nayo. Watu huvichanganya. Msukumo ni wako. Umeutoa msikitini, kanisani, kwa bibi yako au kwenye uchungu wa kuona mnyonge anaonewa, hakuna wa kukudai maelezo. Sababu si yako peke yako, kwa kuwa sheria haiombi, inaamuru. Nyuma ya kila kifungu kuna askari, faini na lango la gereza. Atakayefikishwa huko anastahili sababu anayoweza kuipima hata kama hasali unaposali wewe.

Tazama namna biashara ya watumwa ilivyopigwa marufuku Uingereza. Kamati iliyoundwa London mwaka 1787 ilikuwa na wanaume 12, na 9 kati yao walikuwa waumini wa madhehebu ya Quaker. Imani ndiyo iliyowatoa majumbani kwao. Lakini mwenzao Thomas Clarkson hakwenda bandarini kuhubiri. Alikwenda Bristol na Liverpool kuwahoji mabaharia, akanunua pingu na vyuma vya kubana vidole, akakusanya orodha za wafanyakazi wa merikebu zikionyesha nani aliondoka na nani hakurudi. Watetezi wa biashara ile walikuwa wakisema ni chuo cha kufundishia mabaharia wa taifa. Orodha zilionyesha kwamba mabaharia wenyewe walikuwa wakifa kwa wingi. Kisha kamati ikasambaza mchoro wa merikebu iitwayo Brookes: watu wamelazwa sakafuni wakibanana, katika merikebu iliyoruhusiwa kubeba watu 454 chini ya sheria ya mwaka 1788, kila mwanamume amepimiwa futi 6 kwa inchi 16. Mbunge asiye na chembe ya dini aliweza kuushika mchoro ule na kuelewa. Mbunge William Wilberforce, ambaye hakuficha ucha Mungu wake, alipotoa hoja bungeni mwaka 1789 alijaza hotuba yake ushahidi wa aina hiyo. Sheria ilipita mwaka 1807.

Na msisahau kwamba waliotetea utumwa nao walinukuu maandiko, tena kutoka kitabu kilekile. Kauli ya "imeandikwa" haikutosha kumaliza ubishi hata kati ya waumini, sembuse na wengine. Tena, bunge lililofuta utumwa wenyewe mwaka 1833 lilitenga pauni milioni 20 kuwafidia waliokuwa wakimiliki watu, na waliokuwa wakimilikiwa hawakupewa hata senti. Imani moja ilishinda, lakini nyingine, ile ya utakatifu wa mali, ilibaki imekaa palepale ndani ya sheria hiyohiyo.

Kipimo tunachokipendekeza ni cha kalamu na karatasi. Andika hoja yako yote. Kisha futa kila sentensi inayosimama kwa nguvu ya "Mungu amesema", "mila zetu haziruhusu", "dunia ya leo inakubali" au "kila mtu mwenye akili anajua". Ona kwamba mbili za mwisho ni za wale wanaojiita hawana dini. Soma kilichobaki. Kikiwa nusu ukurasa chenye madhara yanayoonekana, watu wanaoumia na dawa inayolingana na ugonjwa, una hoja ya sheria. Kisipobaki kitu, una mahubiri. Mahubiri ni halali na yana heshima yake, ila mahali pake si kwenye kanuni ya adhabu.

SWALI: *Naomba mnieleze kwa lugha nyepesi: dhambi inageuka kuwa kosa la jinai wakati gani? – Mwanafunzi wa sheria, mwaka wa kwanza*

JIBU: Utakutana na sababu nne zinazotolewa, na kazi yako ni kujua ni ipi inayotumika, kwa maana wanasiasa hupenda kuanza na moja na kumalizia na nyingine bila kutangaza.

Ya kwanza ni kumdhuru mtu mwingine: kuiba, kupiga, kumlaghai. Hapa ubishi ni mdogo. Ya pili ni kumkera mtu mwingine bila kumdhuru, kama vile kutembea uchi barabarani. Hapa sheria hugusa mahali na wakati zaidi kuliko tendo lenyewe. Ya tatu ni kumlinda mtu na nafsi yake, mfano mkanda wa gari, ambao jimbo la Victoria nchini Australia liliufanya wa lazima mwaka 1970. Ya nne ndiyo yenye moto: kuadhibu tendo kwa sababu ni ovu tu, hata kama waliolitenda ni watu wazima, wameridhiana, wako faraghani na hakuna aliyeumia.

Mjadala maarufu kuhusu hiyo ya nne ulizuka Uingereza. Kamati ya John Wolfenden, iliyoundwa mwaka 1954, ilichunguza ukahaba na mapenzi ya jinsia moja. Taarifa yake ya mwaka 1957 ilisema kuna eneo la maadili ya faragha ambalo si shughuli ya sheria. Jaji Patrick Devlin akapinga mwaka 1959. Kwake yeye maadili ya pamoja ndiyo yanayoishikilia jamii, na kama dola ina haki ya kujilinda na uhaini, ina haki pia ya kuyalinda maadili hayo. Profesa Herbert Hart wa Oxford akamjibu: ushahidi uko wapi kwamba jamii huporomoka kila maadili yake yanapobadilika? Kubadilika si kuporomoka. Bunge lilifuata pendekezo la kamati kuhusu mapenzi ya jinsia moja mwaka 1967, kwa England na Wales, tena kwa mipaka. Nchi nyingine nyingi bado zinabishana, na zipo ambako vitendo hivyo bado ni jinai.

Kwa maoni yetu Hart alishinda kwenye ushahidi. Devlin naye hakuwa mjinga. Jaribu kueleza kwa nini kuifanyia maiti ukatili ni kosa, kwa kutumia kigezo cha "nani kaumia" pekee, utaona jasho linavyokutoka.

Mfano utakaokusaidia kwenye mtihani ni kujaribu kujiua. England na Wales lilikuwa kosa la jinai hadi mwaka 1961. Wengi walioliondoa waliendelea kuamini kwamba ni tendo baya. Walichokiona ni kwamba kumtishia kifungo mtu anayetaka kufa hakumzuii, ila kunaifanya familia yake ifiche na kuogopa kuita msaada. Kusaidia mwingine ajiue kulibaki kosa, kwa sheria hiyohiyo ya 1961. Imani kuhusu tendo ilibaki pale ilipokuwa. Chombo cha kulishughulikia ndicho kilichobadilika.

SWALI: *Kikundi chetu cha wazazi kinataka kuandika pendekezo la sheria ya kupiga marufuku kamari. Sisi tunaamini kamari ni haramu, lakini tunajua si wote wanaamini hivyo. Tuanzie wapi, na wenzetu waliotangulia walikosea wapi? – Katibu wa kikundi*

JIBU: Ndugu Katibu, mmefanya vyema kuuliza kabla ya kuandika. Wengi huanza na jina la sheria na adhabu, kisha wanatafuta tatizo la kuiwekea.

Anzeni na sentensi moja ya madhara. Isiwe na maneno kama uovu, laana au kuporomoka kwa maadili. Iseme nani anaumia, anaumiaje na kwa njia gani. Mfano: "Watu wenye uraibu hupoteza pesa za matumizi ya nyumba kwenye mashine za kamari, na watoto wao hukosa mahitaji." Sentensi hiyo inaweza kuchunguzwa kuwa kweli au si kweli, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kusanyeni takwimu kabla sheria haijaanza: madeni, mashauri ya familia, wanaotafuta tiba ya uraibu. Mkikosa kipimo cha mwanzo, miaka mitano baadaye hamtaweza kuonyesha kama sheria imesaidia au la.

Hatua inayofuata ni tafsiri, na hapa ndipo miswada mingi huvuja. Kamari katika sheria huwa na vitu vitatu: dau, bahati na zawadi. Ondoa kimoja na mchezo unatoka nje ya wavu. Mwenye biashara atafuta neno "dau" na kuita "ada ya kushiriki". Atasema mchezo wake ni wa ujuzi, si wa bahati. Atatoa pointi badala ya pesa, na pointi zitauzwa dirisha la pili. Upande wa pili, tafsiri ikiwa pana mno itazoa bahati nasibu ya kuchangia ujenzi wa nyumba ya ibada, na hapo mtapata maadui ndani ya kikundi chenu wenyewe. Andikeni orodha ya mambo kumi mnayotaka yaguswe na kumi msiyotaka yaguswe, kisha mpitishe tafsiri yenu kwenye yote ishirini.

Chombo cha kutumia huja baada ya hapo. Marufuku ni ngazi ya juu kabisa. Chini yake kuna ngazi nyingi: taarifa za wazi kuhusu uwezekano wa kushindwa, ukomo wa umri, ukomo wa saa, kuzuia matangazo, ukomo wa dau kwa siku, daftari la watu wanaojiandikisha wenyewe wazuiwe kuingia, masharti ya leseni, faini kwa mwenye biashara. Kwa kila ngazi mnayoiruka, andikeni sentensi moja kueleza kwa nini haitoshi. Mkishindwa kuiandika, rudini kwenye ngazi hiyo. Na mkifika kwenye adhabu, ianze kwa anayepata faida. Mraibu akipigwa faini, deni lake linakua na mtoto mliyesema mnamtetea ndiye anayelala njaa.

Sasa jiulizeni itathibitishwaje. Aliyeibiwa hukimbilia polisi mwenyewe. Kwenye tendo la watu walioridhiana hakuna mlalamikaji. Polisi wanabaki na njia tatu: mtoa siri anayelipwa, mtego, au kuingia majumbani. Kila njia ina gharama yake, na gharama ya kawaida ni rushwa, kwa kuwa mkamataji na mkamatwaji wote wananufaika jambo likiishia palepale.

Mnauliza waliotangulia walikosea wapi. Marufuku ya pombe nchini Marekani ndiyo darasa lenye kumbukumbu nyingi zaidi. Marekebisho ya 18 ya Katiba yaliidhinishwa Januari 1919 na kuanza kutumika Januari 1920. Yalikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha. Kunywa hakukukatazwa, kwa hiyo waliokuwa na uwezo walijaza maghala yao mapema. Sheria ya utekelezaji ikatafsiri kileo kuwa kinywaji chochote chenye alikoholi kuanzia asilimia 0.5. Wapo waliounga mkono wakidhani bia na mvinyo mwepesi vitasalimika, wakashtuka, na uungaji mkono wao ukaanza kupoa. Misamaha nayo iligeuka milango. Mvinyo wa ibada uliruhusiwa. Daktari aliruhusiwa kuandika pombe kali kama dawa, painti 1 kwa mgonjwa kila siku 10, na haikushangaza kwamba wagonjwa wakawa wengi. Alikoholi ya viwandani ilitiwa sumu kwa amri ya serikali ili isinyweke. Ikaibwa, ikachujwa vibaya, watu wakafa. Mwanzoni nchi nzima ililindwa na mawakala wa serikali kuu wapatao 1,500. Desemba 1933 yote yakafutwa.

Msije mkaambiwa kwamba haikufanya kitu. Unywaji ulishuka, hasa miaka ya mwanzo, na vifo vya ugonjwa wa ini vilipungua. Kilichoishinda ni bei: magenge, hongo, mahakama zilizojaa, na heshima ya sheria nyingine zote iliyoliwa pamoja. Pendekezo lenu litapimwa kwa faida na kwa bei, na ni heri muitaje wenyewe kabla wapinzani hawajaitaja.

Yamebaki mambo ya kiufundi. Linganisheni adhabu yenu na zilizopo: faini ya kucheza karata ikizidi ya kumjeruhi mtu, mahakama zitaona aibu kuitoza. Wekeni muda wa mpito kwa walioajiriwa kwenye biashara hiyo. Wekeni kifungu cha ukomo, tuseme miaka 5, ili sheria ife yenyewe isipohuishwa kwa ushahidi. Na kabla ya kupeleka, fanyeni zoezi tunalowapa wote wanaotuletea rasimu: chukueni kifungu kinachoipa dola mamlaka, futeni neno "kamari", wekeni mstari mtupu. Kisha fikirini mtu mwenye imani msiyoipenda akijaza mstari huo atakavyo. Mkiogopa, kifungu ni kipana mno.

SWALI: *Wahenga walisema wengi wape. Kama wengi wanaamini jambo ni baya, kwa nini lisikatazwe tu? – Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Wape, ndiyo, lakini wahenga hawakusema mwanyang'anye wachache. Kura inafaa kuamua kiwango cha kodi au mwendo wa magari. Haifai kuamua kama kundi fulani liruhusiwe kusali, kuongea au kuishi.

Ndiyo maana katiba nyingi hutenga haki chache na kuziweka mbali na mkono wa wengi wa siku hiyo. Mwaka 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifuta adhabu ya kifo kwa makosa ya mauaji, majaji wote 11 wakikubaliana. Rais wa mahakama, Arthur Chaskalson, hakujidanganya: alikubali kuichukulia kuwa kweli kwamba wananchi walio wengi walitaka adhabu hiyo ibaki kwa mauaji ya kupindukia. Akasema swali lililo mbele yake si hilo, ni kama Katiba inaruhusu. Kama maoni ya wengi yangetosha, mahakama ya katiba isingehitajika.

Na wewe pia, ndugu, ni mchache katika jambo fulani, au utakuwa siku moja.

SWALI: *Mimi ni mwakilishi wa kuchaguliwa. Muswada unakuja. Dhamira yangu inaukataa, chama kinautaka, wapiga kura wangu wamegawanyika. Nifanyeje bila kuonekana kigeugeu? – Mheshimiwa (jina tunalihifadhi)*

JIBU: Mheshimiwa, kwanza muulize mnadhimu wa chama chako, kwa maandishi, kama kura hii ni huru. Mabunge mengi huachia wajumbe wapige kura kwa dhamira katika mambo ya uhai, kifo na ndoa. Uingereza ilifuta adhabu ya kunyonga kwa makosa ya mauaji kwa njia hiyo mwaka 1965, kupitia hoja binafsi ya mbunge Sydney Silverman. Wananchi wengi walikuwa bado wanataka kunyonga. Waliopiga kura ya kufuta walifanya jambo la busara: sheria iliwekwa ya majaribio, miaka mitano. Ilithibitishwa kuwa ya kudumu Desemba 1969. Dhamira ilipewa nafasi, na ushahidi ukapewa muda.

Kama kura si huru, una karata zaidi ya ndiyo na hapana. Unaweza kuleta marekebisho: kifungu cha ukomo, msamaha kwa wenye dhamira tofauti, ripoti ya kila mwaka. Unaweza kujizuia kupiga kura na kueleza sababu. Unaweza pia kupinga na kukubali matokeo yake ndani ya chama. Chochote utakachochagua, waambie wapiga kura wako kabla ya siku ya kura, si baada. Mbunge Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa Bristol mwaka 1774 kwamba mbunge anadaiwa nao uamuzi wake, si bidii yake tu. Mwaka 1780 walimwonyesha wanavyofikiri, na kiti kikaondoka. Hatumtaji ili kukutisha. Aliujua uwezekano huo, na hakuwaficha msimamo wake. Kigeugeu ni anayesema mawili, moja bungeni na lingine kwenye mkutano wa hadhara.

Sababu zako ziingie kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya bunge, kwa lugha ya kipimo tulichompa Mwalimu hapo juu. Sema waziwazi kwamba imani yako inakusukuma, kuficha hakusaidii, kisha utoe sababu ambazo mwenzako wa upande wa pili anaweza kuzijibu.

Wapo wanaofikiri njia ya heshima ni kukataa kutia saini. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikataa kusaini sheria ya utoaji mimba mwezi Aprili 1990. Serikali ikamtangaza kuwa hawezi kutawala kwa muda huo, mawaziri wakaisaini, na bunge likamrudisha kazini takriban siku moja baadaye. Dhamira yake ilibaki safi na sheria ikapita. Ilikuwa hila ya kikatiba, na iliwezekana kwa sababu saini yake ilikuwa ya heshima tu. Jaji au waziri mwenye mamlaka halisi hawezi kuiiga. Yeye ama ajiondoe kwenye shauri kwa kufuata utaratibu, ama ajiuzulu.

SWALI: *Nimeajiriwa kama mkunga. Sheria inaruhusu huduma ambayo imani yangu inaikataza. Je, nina haki ya kukataa? – Dada mkunga*

JIBU: Dada, inategemea sheria ya mahali ulipo, kwa hiyo tafuta kifungu kabla ya kutafuta ushauri wa marafiki. Lakini vifungu vya dhamira hufanana kwa umbo. Cha Uingereza, katika sheria ya utoaji mimba ya 1967, kinasema hakuna anayelazimishwa kushiriki kama ana pingamizi la dhamira. Papo hapo kinaweka mambo mawili: mzigo wa kuthibitisha pingamizi ni wa anayelidai, na pingamizi halifanyi kazi pale huduma inapohitajika kuokoa maisha ya mama au kumkinga na madhara makubwa ya kudumu.

Ubishi huwa kwenye neno kushiriki. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba linamhusu anayeweka mkono kwenye matibabu yenyewe. Kupanga zamu, kusimamia wauguzi wengine au kupokea simu ya wodi hakumo. Wakunga wengi huamini haki yao ni pana kuliko hivyo, na hapo ndipo wanapoingia matatani na mwajiri.

Toa pingamizi lako kwa maandishi siku za mwanzo za ajira au mara sheria inapobadilika. Taja ni hatua zipi hasa huwezi kufanya na zipi unaweza. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Pingamizi linalotajwa kwa mara ya kwanza saa nane usiku, mgonjwa akiwa kitandani na hakuna wa kukupokea, litaonekana kama kutelekeza mgonjwa, na mara nyingi ndivyo litakavyoamuliwa. Usimhubirie mgonjwa wala usimfiche taarifa. Kifungu kinakulinda usitende. Hakikupi ruhusa ya kumzuia mwingine atende.

SWALI: *Je, sheria inaweza kubadilisha maadili ya watu, au ni lazima maadili yatangulie? – Mfanyakazi wa ustawi wa jamii*

JIBU: Yote mawili hutokea, na mpangilio ndio unaoamua. Uswidi ndiyo nchi ya kwanza kukataza kabisa wazazi kuwapiga watoto, mwaka 1979. Kura bungeni zilikuwa 259 dhidi ya 6. Lakini safari ilianza mwaka 1957, walipoondoa kwenye sheria ya jinai kinga ya mzazi aliyempiga mwanawe. Mwaka 1966 wakaifuta ruhusa iliyobaki kwenye sheria ya wazazi na watoto. Katazo lenyewe likaja miaka 13 baadaye, watu wakiwa wameshaanza kubadilika.

Katazo hilo liliwekwa kwenye sheria ya familia, wala halikubeba adhabu yake lenyewe. Mzazi aliyemjeruhi mtoto aliendelea kushtakiwa kwa sheria ya kawaida ya shambulio. Kazi ya kifungu kipya ilikuwa kutangaza kiwango. Serikali ikagharamia kijitabu kwa familia zenye watoto, kilichotafsiriwa kwa lugha za wahamiaji, na kwa muda maelezo yakachapishwa kwenye pakiti za maziwa, zile zinazokaa mezani mzazi na mtoto wakinywa chai ya asubuhi.

Tunaosoma miswada ya aina hii tunaona kosa lilelile: nchi inanakili katazo na kuacha kijitabu. Mkitaka njia ya Uswidi, kazi ya elimu iandikwe kama wajibu wa chombo kinachotajwa kwa jina ndani ya sheria, ipewe fungu lake la bajeti na tarehe ya kuanza, na iwe imeanza kabla katazo halijaanza kutumika.